Binafsi, Sugu na Kupona: Maneno Matatu katika Tiba ya Mapafu

Kazi nyingi zinazoletwa mezani petu ili zipate ithibati ni vitabu vya shule na nyaraka za ofisi. Makala haya yametokana na kipeperushi cha kurasa nne tu, kilichofasiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya wagonjwa wa kifua wanaohudhuria kliniki. Sentensi yake ya tatu ilisema hivi: "Wagonjwa wa ugonjwa sugu wa mapafu siku hizi hupewa matibabu binafsi, na wengi hupona." Kwa sarufi sentensi hiyo haina kasoro. Upatanisho wake umekaa sawa, tahajia yake ni sahihi, na mwalimu wa darasa la saba angeitia alama ya vema. Hata hivyo, katika maneno yale kumi na manne mna makosa matatu ya istilahi, na kila moja laweza kumgharimu mtu afya yake.

Kabla ya kukisahihisha tulikwenda kukisoma mbele ya watu waliokuwa wakisubiri huduma katika zahanati moja ya kijijini. Hiyo ni desturi tunayoipendekeza kwa kila mfasiri wa maandishi ya afya, maana neno hupimwa masikioni mwa mwenye kulihitaji, si katika kamusi pekee. Tulipofika kwenye "matibabu binafsi", bibi mmoja aliyekaa mwisho wa benchi alijifunga vema khanga yake akasimama aende zake. Nikamwuliza, "Bibi, mbona watuacha mapema?" Akajibu, "Mjukuu wangu, hayo ni ya wenye fedha. Mimi nimefuata ya serikali." Bibi huyo amepikia kuni tangu utoto wake, na hawezi kumaliza sentensi ndefu bila kutua katikati. Kipeperushi kiliandikwa kwa ajili ya watu kama yeye, nacho ndicho kilichomwondoa kwenye benchi.

Yafaa kwanza tueleze ugonjwa wenyewe, kwa kuwa mfasiri asiyekijua kitu hawezi kukipa jina. Hewa huingia mapafuni kwa bomba moja linalogawanyika matawi mawili, na matawi hayo hugawanyika tena na tena mfano wa mti uliopinduliwa, hata kufikia vifuko vidogo mno ambamo damu hupokea oksijeni. Katika ugonjwa tunaouzungumzia, ambao waganga na wauguzi wetu huutaja kwa kifupi cha Kiingereza COPD, mambo mawili hutokea, ama moja likizidi jingine, ama yote kwa pamoja. Njia za hewa huvimba, hujaa makohozi na kuwa nyembamba. Na kuta za vile vifuko huharibika, vifuko vidogo vingi vikawa vikubwa vichache vilivyolegea. Mgonjwa huvuta hewa ikaingia, lakini kuitoa ndiyo kazi. Hewa ya zamani hubaki ndani, na mpya hukosa nafasi. Jambo la kwanza lina jina katika kamusi zetu, nalo ni mkamba. La pili halina, na tutalirejea mwishoni.

Huu si ugonjwa wa watu wachache. Shirika la Afya Duniani lilihesabu vifo milioni 3.5 vilivyotokana nao mwaka 2021, yaani takriban vifo vitano katika kila mia duniani kote. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 70 ya wagonjwa waliupata kwa sigara. Katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati sigara huchangia asilimia 30 hadi 40 tu, na moshi wa kuni, mkaa na mabua ndani ya nyumba ni chanzo kikubwa. Utafiti uliofanywa katika wilaya ya Masindi, Uganda, na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta ugonjwa huu kwa watu wapatao 16 katika kila mia ya waliopimwa, nao walikuwa watu wa kijijini wenye umri wa zaidi ya miaka 30. Kwa hiyo mfasiri anayeandika kana kwamba msomaji wake ni mzee mvuta sigara amemsahau mama wa jikoni.

Mitaani maradhi yote ya kubanwa kifua huitwa pumu. Neno hilo lina ukoo mwema, maana ni ndugu wa pumua, pumzi na pumzika, na haishangazi kwamba watu wamelitandaza mbali. Lakini katika pumu halisi mbano huja na kuondoka. Leo mtu yuko hoi, kesho anacheza mpira. Katika ugonjwa wetu huu mbano hauondoki wote hata baada ya dawa. Tofauti hiyo si ubishi wa wataalamu. Mwenye pumu, msingi wa tiba yake ni dawa ya steroidi ya kuvuta kwa pumzi, ambayo hutuliza uvimbe wa ndani. Mwenye COPD, msingi wa tiba yake ni dawa za kuvuta zinazotanua njia za hewa kwa saa nyingi, na steroidi huongezwa kwa baadhi tu. Mfasiri anayeandika pumu mahali pa yote mawili amekwisha kuandika cheti cha dawa pasipo kuwa daktari. Tunasisitiza basi kwamba pumu libaki kwa pumu.

Sasa tuje kwenye sugu. Asili ya neno hili ni ile ngozi ngumu inayoota katika kiganja cha mkulima. Kutoka hapo likawa sifa ya mtu: mlevi sugu, mhalifu sugu, mtu aliyekwisha kuzoea jambo hata haonyeki. Watu wa tiba wakalipeleka kwenye maradhi, na magonjwa sugu yakawa yale yanayokaa na mtu miaka na miaka. Hadi hapo hapakuwa na taabu. Taabu ilianza pale neno lilelile lilipopewa kazi ya pili, ya kutaja vimelea visivyosikia dawa. Leo kifua kikuu sugu si kifua kikuu cha miaka mingi. Ni kile ambacho dawa za kawaida zimeshindwa kukiua, na mwenye nacho aweza kuambukiza wengine. Mwananchi aliyelisikia neno hilo redioni kwa maana hiyo, akija kuambiwa kwamba ana ugonjwa sugu wa mapafu, atasikia nini? Wengi wa tuliowauliza pale zahanati walijibu bila kusita: kifua kikuu kisichosikia dawa. Mmoja akaongeza kwamba mtu wa namna hiyo atengewe kikombe chake. Ilhali ugonjwa huu hauambukizi hata kidogo. Kivumishi kimoja kimemtenga mgonjwa na watu wa nyumbani kwake.

Hatudai kwamba sugu lifutwe katika lugha ya tiba. Limeota mizizi, na mahali pengine halidhuru. Tunachosema ni kwamba katika maradhi ya kifua hasa, ambako maana ya pili ina nguvu, liachiwe kifua kikuu. Badala yake tulijaribu "wa muda mrefu", lakini muda, hata ukiwa mrefu, una mwisho, na mgonjwa hukaa akiungoja. Tukapendelea "wa kudumu". Mwenzetu mmoja ofisini alilalamika kwamba kudumu ni neno la heri: ajira ya kudumu hutamaniwa na kila mtu, na maharusi huombewa ndoa yao idumu. Ni kweli, wala hatukuwa na jibu zuri kuliko kumwambia kwamba harufu njema isiyostahili haina madhara kama hofu isiyostahili.

Kuhusu kile kinachodumu, wapo walioandika "kuziba kwa mapafu". Kitu kilichoziba hakipitishi chochote. Mapafu yaliyoziba ni mauti. Wananchi wenyewe husema kifua kinabana, nao wamesema lililo sahihi, kwa kuwa njia imekuwa nyembamba bila kufungika. Hivyo pendekezo letu ni "mbano wa kudumu wa mapafu". Jina hili lamwambia mgonjwa mambo mawili ya kwanza anayopaswa kuyajua: kwamba kinachomsumbua ni wembamba wa njia, na kwamba hali hiyo haitaondoka yenyewe.

Neno la pili, lililomwondoa bibi yule, ni binafsi. Katika Kiingereza cha madaktari liko neno lililojengwa juu ya shina lenye maana ya mtu, na maana yake ni kukifanya kitu kimfae mtu fulani. Mfasiri aliliona mtu ndani ya neno akaandika binafsi. Lakini kwetu binafsi lina historia yake. Mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku uganga wa kujipatia faida nchini Tanzania, na mwaka 1991 sheria ikarekebishwa, uganga huo ukaruhusiwa tena. Leo hospitali binafsi, zahanati binafsi na daktari binafsi ni maneno ya kila siku, na katika hayo yote jambo la kwanza analolifikiri mgonjwa ni malipo. Bibi hakukosea hata kidogo. Alikisoma Kiswahili kama kilivyo, na mfasiri ndiye aliyekisahau.

Ili tupate neno jingine hatuna budi kuitazama dhana yenyewe kwa makini. Tuwachukue wagonjwa wawili. Wa kwanza ni mwanamume aliyevuta sigara miaka thelathini, akaacha; wa pili ni mama aliyepikia kuni na aliyewahi kuugua kifua kikuu akatibiwa. Wote wawili wakipuliza katika kipimapumzi, wanapata tarakimu moja. Kipimo hicho kina umri mkubwa. John Hutchinson, mpasuaji wa Uingereza, alikieleza mwaka 1846 baada ya kuwapima watu zaidi ya 2,000, na kiasi cha hewa ambacho mtu aweza kukitoa kwa pumzi moja kamili akakiita kwa jina lenye maana ya ujazo wa uhai, kwa kuwa aliamini kwamba kinabashiri urefu wa maisha ya mtu. Hapo twaona kwamba hata katika Kiingereza istilahi za mapafu zilizaliwa kwa mfano na matumaini. Siku hizi linaloangaliwa zaidi ni hewa inayotoka katika sekunde ya kwanza ya kupuliza. Ikiwa ni chini ya asilimia 70 ya hewa yote iliyotolewa, hata baada ya kuvuta dawa ya kutanua, mbano upo na ni wa kudumu.

Kwa miaka mingi tarakimu hiyo ndiyo iliyoamua karibu kila kitu. Waliopata tarakimu moja walipewa dawa moja, kama askari wa kikosi kimoja wanavyogawiwa sare. Kisha ikaonekana kwamba sare hiyo haiwakai wote. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba wagonjwa waliovuta steroidi waliugua nimonia zaidi kuliko wenzao. Tafiti zilizofuata zikaonyesha kwamba faida ya dawa hiyo hufuatana na wingi wa aina moja ya chembe nyeupe za damu ziitwazo eosinofili. Mgonjwa anayezidiwa mara kwa mara na mwenye chembe 300 au zaidi katika maikrolita moja ya damu aelekea kunufaika na steroidi. Mwenye chini ya 100 aelekea kupata hasara bila faida. Mwongozo wa kimataifa wa ugonjwa huu, uitwao GOLD, ambao ripoti yake ya kwanza ilitoka mwaka 2001, umezitia tarakimu hizo katika ushauri wake. Basi yule mwanamume akikutwa na 350 naye huzidiwa mara kwa mara, na yule mama akikutwa na 80, njia zao zitaachana, ingawa walipuliza sawasawa.

Nafungua mabano hapa kwa ajili ya wenzetu wanaofasiri miongozo ya kigeni neno kwa neno. Eosinofili huongezeka pia kwa minyoo na kichocho. Mgonjwa wa kijijini kwetu aweza kukutwa na tarakimu kubwa kwa sababu isiyohusu mapafu yake. Mfasiri si daktari, wala hapaswi kuongeza ushauri wake. Lakini akiiona sentensi ya namna hiyo katika kitabu cha waganga wasaidizi, ni wajibu wake kumwuliza mwenye kazi kama maelezo ya mahali petu hayastahili kuongezwa.

Hata oksijeni imepita njia hiyohiyo. Tafiti mbili mashuhuri, moja ya Amerika ya Kaskazini iliyochapishwa mwaka 1980 na nyingine ya Uingereza ya mwaka 1981, zilionyesha kwamba mgonjwa ambaye oksijeni ya damu yake imepungua sana huishi zaidi akiongezewa oksijeni kwa saa 15 au zaidi kila siku. Watu wakadhani kwamba kila mwenye upungufu afaa kupewa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2016 ukaonyesha kwamba mwenye upungufu wa wastani hapati faida hiyo. Na mwaka 2024 Marekani na Umoja wa Ulaya ziliidhinisha kwa ugonjwa huu dawa ya sindano iitwayo dupilumab, lakini kwa wale tu wenye eosinofili nyingi ambao dawa za kuvuta hazikuwatosha. Kwa bei yake dawa hiyo ingali mbali na zahanati zetu, na mfasiri asiitangaze kana kwamba iko dirishani.

Dhana basi ni hii: kumpima mgonjwa, kuona ni yapi kati ya mambo yake yanayoweza kushughulikiwa, na kumchagulia tiba kwa mujibu wa hayo. Haina maana kwamba kiwanda kitamtengenezea kila mtu kidonge chake. Wamarekani wenyewe waliliona tatizo hilo katika lugha yao. Mwaka 2011 Baraza lao la Taifa la Utafiti lilipendekeza neno lenye maana ya usahihi wa shabaha litumike badala ya lile lenye mtu ndani yake, kwa hofu kwamba watu wangedhani kila mgonjwa atapata dawa ya peke yake. Kwa sababu hiyo hiyo tuliiacha "tiba ya mtu mmoja mmoja", ambayo huahidi makubwa kuliko yaliyopo.

Mapendekezo mengine yalikuwa mengi, na mjadala wake ulichukua vikao viwili. "Tiba maalumu" ilianguka mapema, kwa kuwa chumba cha uangalizi maalumu ni mahali ambapo ndugu huenda kuaga. "Tiba mahususi" ilipendwa na wengi, hata mimi niliitetea katika kikao cha kwanza, ila katika sikio lisilozoea inapakana na wagonjwa mahututi, na ugomvi ukawa uleule. "Tiba stahiki" ni nzuri kwa hotuba. Lakini kila mgonjwa tangu zamani alistahiki tiba stahiki, na neno halisemi lolote jipya. "Tiba lengwa" ililetwa na wafasiri, waliozoea lugha lengwa. Katika lugha lengwa, lugha ndiyo shabaha. Katika tiba lengwa, tiba ingekuwa shabaha, na mgonjwa angekuwa mshale. Sarufi yenyewe inaikataa.

Tulilolichukua ni "tiba ya kipimo cha mgonjwa". Lilitoka kwa fundi cherehani. Watu wetu wanajua tofauti ya nguo ya dukani na nguo ya kupimwa: kitambaa ni kilekile cha wote, uzi ni uleule, lakini fundi kwanza hutwaa futi yake. Tena neno kipimo lina maana tatu zinazotumika hospitalini, yaani uchunguzi wa maabara, kiasi cha dawa, na ulinganifu na mwili. Kwa kawaida mwunda istilahi huikimbia utata wa namna hiyo. Hapa maana zote tatu ni za kweli kwa wakati mmoja, na msomaji atakayeichukua yoyote kati yake hatapotea. Tulirudi na neno hilo kijijini. Bibi alisikiliza, akacheka, akasema, "Kumbe gauni la fundi." Hakuuliza bei.

Limebaki neno la tatu, na kwa maoni yangu ndilo lenye hatari kuliko yote. Kipeperushi kilisema kwamba wengi hupona. Kiingereza chake kilisema tu kwamba wengi hupata nafuu. Katika Kiswahili kupona ni kutoka upande wa pili wa shida: mtu hupona malaria, hupona ajali ya basi. Aliyepona hana tena haja ya dawa. Mgonjwa wa mbano wa kudumu akiambiwa amepona ataweka dawa kando na kurudi kwenye mafiga yaleyale. Kuta za vifuko zilizoharibika hazijengeki tena, na hakuna dawa iliyopo leo inayozirudisha.

Kosa la upande wa pili limeandikwa mara nyingi zaidi, nalo ni "ugonjwa huu hauna tiba". Wasomaji wenye umri watakumbuka namna maneno hayo yalivyotumika kwa UKIMWI katika miaka ya 1980 na 1990, na namna yalivyokuwa mzigo pale dawa za kufubaza virusi zilipopatikana, kwa kuwa ilibidi watu wafundishwe upya kwamba kisichoponyeka chaweza kutibika. Kiswahili kinayo tofauti hiyo tayari, tena kwa usafi kuliko lugha nyingi. Kuponyeka ni kuweza kuondolewa. Kutibika ni kuweza kushughulikiwa kwa tiba. Mbano wa kudumu wa mapafu hauponyeki, lakini unatibika. Tunamsihi kila mwalimu wa vyuo vya uuguzi awafundishe wanafunzi wake kuzitamka kauli hizi mbili pamoja, maana ya kwanza peke yake hukatisha tamaa, na ya pili peke yake hudanganya.

Utengano huo ndio uliotusaidia kupata istilahi nyingine. Mwaka 2016 Alvar Agusti wa Barcelona na wenzake walipendekeza kwamba madaktari waache kugombania majina ya magonjwa ya njia za hewa, na badala yake wahesabu kwa kila mgonjwa yale mambo yake yanayoweza kutibiwa. Mengine yamo mapafuni, kama mbano, makohozi mengi au eosinofili. Mengine yako nje ya mapafu, kama moyo dhaifu, kukonda, upungufu wa damu au sonona. Mengine ni mwenendo na mazingira, kama sigara, moshi wa jikoni, au kuivuta dawa vibaya hata ikaishia kooni. Mfasiri mmoja aliyaita "sifa tibika". Sifa kwetu hunuka kusifiwa, na hakuna asifiwaye kwa moshi. Na tibika lililowekwa peke yake baada ya jina limekaa kama mgeni asiyepewa kiti. Tumeandika "hali itibikayo". Wapo watakaosema kwamba kirejeshi hicho ni cha kizamani. Kinaeleweka Mombasa, kinaeleweka Mwanza, na hakina gharama.

Kuzidiwa ni neno ambalo tulikuwa karibu kulipoteza. Zipo siku ambapo mgonjwa hubanwa kuliko kawaida yake, makohozi yakaongezeka na kubadilika rangi, akahitaji dawa zaidi au kulazwa. Siku hizo ndizo zinazoteremsha afya yake ngazi kwa ngazi, na idadi yake kwa mwaka ni moja ya vipimo vya kuchagulia tiba. Kipeperushi kiliziita "milipuko ya ugonjwa". Afisa wa afya wa wilaya akisoma kwamba kijiji fulani kimekuwa na milipuko miwili, ataagiza karantini. Watu husema "mgonjwa amezidiwa", nao wamekuwa wakisema hivyo kabla ya sisi kuwa na ofisi. Tumeliandika kuzidiwa katika rasimu yetu bila kulibadili.

Sentensi ile ya tatu sasa imekuwa fungu zima, nasi tunalitoa hapa ili wafasiri walipime: "Una mbano wa kudumu wa mapafu. Ugonjwa huu si kifua kikuu, wala hauambukizi. Hauponyeki, lakini unatibika: dawa, mazoezi, na kukaa mbali na moshi na sigara vyaweza kukupunguzia taabu na kukuepusha na kuzidiwa. Utapewa tiba ya kipimo chako, yaani tutakupima kwanza, kisha tutakuchagulia tiba inayokufaa wewe. Usiache dawa kwa sababu umepata nafuu." Ni maneno mengi kuliko yale kumi na manne, na mwenye kulipia uchapaji alinung'unika kwamba ukurasa umejaa. Tulimshauri aondoe picha ya jengo.

Lipo jambo moja ambalo hatujalimaliza. Ule uharibifu wa vifuko vya hewa, ambao mfaransa Laennec aliueleza katika karne ya 19, bado tunauita emfisema kwa kukosa neno. "Uvimbe wa hewa" umependekezwa, lakini uvimbe ni kitu cha kushikika, na mgonjwa atautafuta kwa vidole. "Ulegevu wa vifuko" wasema kweli nusu. Wazee wa pwani waliowahi kufua vyuma kwa mivukuto wanajua mvukuto uliolegea ngozi, unaojaa upepo usiotaka kutoka. Huenda wanalo neno la hali hiyo. Msomaji atakayelipata, hasa kwa wahunzi wa Pemba, Lamu au Tanga, tunamwomba alilete kabla kamati haijakaa tena, pamoja na jina la mahali alipolisikia na sentensi moja iliyosemwa nalo.